Sumni ya Amana

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya minazi ya Dunda, Sihaba alikuwa ameshakaa kwenye kibao nyuma ya nyumba, mikono imo ndani ya karai la maji ya majivu, anaosha chupa. Alitia mchanga na kokoto ndani ya chupa, akaitikisa mpaka ikalia, akaisuuza, kisha akaipindua juu ya uchaga ipigwe na jua. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, lakini vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya kikongwe. Akimaliza hukimbilia shule huku ananuka tangawizi, na wenzake humwita Binti Nyanyuka.

Nyanyuka lilikuwa jina la kinywaji. Aliyekianzisha ni bibi yake, Bimdogo, kwa tangawizi iliyotwangwa, ukwaju, asali ya Kiwangwa na pilipili manga kidogo, vyote vikichemshwa kwenye sufuria kubwa hadi povu lishuke. Watu wa Bagamoyo walikisifia kupita kiasi. Walisema mkwezi mmoja alikunywa chupa mbili, akapanda mnazi kwa kasi hata akapitiliza kilele, akabaki hewani anatafuta pa kushika. Walisema kuli mmoja alibeba gunia la chumvi kutoka Nunge mpaka mjini, akalitua, ndipo akagundua kwamba mwenye gunia alikuwa amelala juu yake. Mimi nawauzia kwa bei niliyonunulia. Ninaloweza kuliapia ni kwamba kinywaji kile kilimwondolea mtu uchovu, na vibarua wa mashamba ya chumvi hawakurudi kazini mchana bila kukinywa.

Miaka ile, serikali ilipokuwa ikihimiza watu wafanye kazi kwa pamoja, majirani walijiunga na Bimdogo wakaunda ushirika. Magoti yalipomshinda bibi huyo, kazi ikashikwa na mwanawe, Mwishehe, baba mdogo wake Sihaba. Yeye ndiye aliyekuwa akimlea na kumlipia sare za shule, kwa kuwa mama yake Sihaba alikwisha kufariki na baba yake alikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga. Mwishehe alikuwa mtu mkarimu, mwenye maneno matamu na kofia safi. Ila alipenda sana sifa. Neno ushirika aliliona dogo. Akachonga kibao, akakitundika mlangoni pa banda la makuti: KAMPUNI YA NYANYUKA.

Chupa zilikuwa ghali, zikifuatwa Dar es Salaam. Basi Bimdogo aliweka utaratibu tangu mwanzo. Mteja alitoa shilingi moja. Nusu yake, yaani sumni, ilikuwa bei ya kinywaji. Sumni ya pili ilikuwa amana ya chupa. Ukirudisha chupa, unarudishiwa sumni yako. Neno hilo, amana, alilichagua mwenyewe. Akaweka na madebe mawili, moja la mauzo na jingine la amana, na hili la pili akalifunga kitambaa cheupe shingoni. Alikuwa akisema, "Hili ni la watu. Kwetu limelala tu."

Sasa, watu wa kwetu wana tabia yao. Chupa hawairudishi upesi. Huiweka uvunguni mwa kitanda, nyingine na nyingine, kama mtu anayefuga kuku. Sumni ikiwa mfukoni ina miguu: itakwenda kwenye tumbaku, itakwenda kwenye kahawa. Ikiwa chupa, haiendi popote. Ikikaribia Idi, ndipo chupa zinapotoka uvunguni na kugeuka kanzu za watoto, khanga za kina mama na mchele wa pilau. Kwa maneno mengine, lile debe la kitambaa cheupe lilikuwa benki ya maskini wote kuanzia Dunda hadi Makurunge.

Hesabu ya mwaka ya Nyanyuka ilisomwa kila Shaabani, kabla ya mwezi wa Ramadhani. Mwaka huo Bimdogo hakuwepo; alikuwa Pangani kwa dada yake, anakandwa magoti. Na Mwishehe alikuwa na wasiwasi. Mwaka uliotangulia faida ilikuwa ndogo, na wanachama walinung'unika kwamba wenzao wa ushirika wa nazi waligawana fedha nzuri. Bwanausi, kibarua wa chumvi aliyekuwa jirani yao na mwanachama, alimtania hadharani kwamba Nyanyuka inawanyanyua wateja lakini wenyewe imewalaza chali.

Siku moja kabla ya mkutano, Sihaba alitoka shule akamkuta baba yake mdogo amekaa kwenye jamvi ndani ya banda. Alikuwa amemimina debe la mauzo, sarafu zimekuwa chungu. Akavuta na lile la amana, akafungua kitambaa, akalimimina juu ya chungu ile ile.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Njoo unisaidie kupanga."

Sihaba alichutama, akaitazama ile chungu. "Na amana je? Tutaijuaje?"

Mwishehe alicheka. Akaokota sumni mbili, akazichanganya viganjani, akamwonyesha. "Haya, niambie ipi ya mauzo na ipi ya amana. Unaona? Hela haina ukoo. Imo ndani ya kampuni, basi ni ya kampuni."

Sihaba hakuridhika. Alijua kwamba chini ya vitanda vya mtaa mzima kulikuwa na chupa zinazoidai ile chungu. Lakini aliyekuwa akisema ni mzee wake, aliyemlisha na kumvisha, naye hakutaka kuonekana mtovu wa adabu. Kisha Mwishehe akamwambia kwamba kwa kuwa anasoma vizuri kuliko watu wazima, yeye ndiye atakayesoma hesabu mbele ya wanachama. Akamwahidi viatu. Basi Sihaba akanyamaza, akaanza kupanga zile sarafu.

Mkutano ulifanyika baada ya sala ya alasiri. Sihaba alisimama juu ya kreti akasoma kwa sauti kavu iliyofika mpaka barabarani: kinywaji kilichouzwa, gharama za asali, ukwaju na kuni, ushuru wa soko, na mwishoni faida ya mwaka, shilingi elfu moja na mia tatu. Katika fedha hizo mia tatu tu ndizo zilizokuwa faida. Elfu nzima ilikuwa amana za watu. Sihaba aliyesoma alilijua hilo, na Mwishehe, mwenyekiti wao, alilijua. Wengine wote wangeweza kulijua, maana kila mmoja alikuwa na chupa kwake, lakini walipoisikia ile elfu masikio yao yalijaa. Aliyepiga makofi kuliko wote ni Bwanausi. Alisema kumbe mwenyekiti ni simba, na yeye alimwona paka. Fedha zikagawanywa palepale, na kila mwanachama akaondoka na gawio lake amelikunja kwenye shuka.

Sihaba alipata viatu vyeusi vyenye kifungo pembeni. Shuleni rafiki yake wa chanda na pete, Kibibi, binti Bwanausi, alivishika akavinusa. Akasema vinanuka duka.

Ramadhani ikaandama, na mvua za vuli zikaja kwa fujo. Barabara zikawa mito, mashimo ya vyoo yakafurika, na kisima cha bondeni, ambacho maji yake yalikuwa meupe, kikageuka rangi ya chai. Mchana biashara ilisinzia kwa sababu ya funga; watu walinunua Nyanyuka jioni tu kwa ajili ya futari. Ndipo chupa zilipoanza kurudi. Kwanza mama mmoja na kikapu. Kisha mkulima wa mananasi kutoka Kiwangwa, baiskeli yake imesheheni chupa pande zote inalia kama ngoma. Ilipofika kumi la pili la mwezi, watu walipanga foleni mlangoni pa banda, kila mmoja na zake.

Mwishehe aliwalipa wa mwanzo kwa mauzo ya jana. Waliofuata aliwaambia waje kesho, na wa kesho akawaambia waje Ijumaa. Akaanza kupita njia za nyuma akienda msikitini. Kofia yake safi ikawa na mstari wa jasho.

Alihitaji fedha upesi, na njia aliyoiona ilikuwa moja: atengeneze kinywaji kingi kwa gharama ndogo. Akapunguza asali. Akapunguza tangawizi, akaongeza pilipili ili iwashe vilevile. Kisha bei ya kuni ikapanda kwa ajili ya mvua, na siku moja Sihaba aliingia bandani akakuta mafiga yamelowa na jivu ni baridi. Mwishehe alikuwa akichota maji ya kisima moja kwa moja kutoka kwenye pipa, anayapitisha kwenye kitambaa, anayatia chupani.

"Baba mdogo, leo hayachemshwi?"

"Nimeyachuja. Maji yaliyochujwa yana nini? Tangawizi yenyewe ni dawa." Akamtazama, macho mekundu. "Ni siku chache tu, mpaka Idi. Usiende kupayuka huko nje. Unataka nifungwe? Nani atakulisha?"

Sihaba aliinama, akaanza kufunga vizibo.

Siku chache baadaye, ugonjwa ukaingia mtaani. Ulianza kwa vibarua wa Nunge, wakihara na kutapika hata wakashindwa kusimama. Watu walisema ni vuli, walisema ni embe mbichi, walisema ni jicho la mtu. Nyumbani kwa Bwanausi ulimpata Haji, ndugu yake Kibibi, mtoto wa miaka minne. Jioni baba yake alipofuturu kwa Nyanyuka, Haji alikuwa na desturi ya kuomba yale masalio ya chini ya chupa. Aliugua alfajiri. Walipokuwa wakitafuta gari la kumpeleka hospitali, akafa mikononi mwa mama yake. Alizikwa siku hiyohiyo baada ya adhuhuri.

Sihaba alikwenda msibani pamoja na wanawake wa mtaa. Alivua viatu vyake vyeusi mlangoni, katikati ya kandambili. Ndani, mama Kibibi alikuwa amekaa sakafuni ameegemea ukuta, halii tena. Kando yake palikuwa na chupa moja tupu ya Nyanyuka, ambayo Haji alikuwa akiichezea kama mwanasesere, ameivisha kipande cha khanga. Sihaba aliitambua. Kizibo chake alikifunga kwa mikono yake. Alipotoka hakuweza kuvaa vile viatu. Alivibeba, akarudi pekupeku kwenye tope.

Kesho yake akaja bwana afya wa wilaya, Bwana Salumu, mtu mrefu mwenye kabuti la mvua na sauti ya polepole. Alikwisha kufunga kisima cha bondeni, na sasa alipita nyumba kwa nyumba. Alipofika bandani aliuliza kama maji ya kinywaji huchemshwa. Mwishehe akajibu kwamba huchemshwa hadi povu lishuke, kama alivyofundishwa na mama yake. Bwana Salumu akamgeukia Sihaba aliyekuwa kwenye karai lake.

"Ndivyo, binti?"

Sihaba alifungua kinywa. Mkono wa baba yake mdogo ulikuwa begani pake, mzito na wa moto. Akatikisa kichwa kukubali. Bwana afya akaandika, akaenda zake.

Siku iliyofuata Kibibi hakuja shule. Sihaba alipopita kwao, jirani alimwambia amepelekwa hospitali. Akaenda mbio. Alimkuta Kibibi kitandani, macho yamezama, midomo imepasuka kama udongo wa kiangazi, na juu yake imetundikwa chupa ya maji yanayodondoka tone kwa tone kuingia mkononi. Bwanausi alikuwa amechuchumaa kando ya kitanda, kofia imo mkononi. Yule mtani wa mtaa mzima alikuwa akihesabu matone.

Kibibi alimwona rafiki yake akajaribu kutabasamu. "Umeacha wapi viatu?" akanong'ona.

Sihaba aliitazama miguu yake yenye tope. Kisha akaifuata baraza ya hospitali mpaka chumba cha mwisho, ilipokuwa ofisi ya Bwana Salumu, akabisha hodi. Alisimama mbele ya meza, akasema, "Shikamoo, bwana afya. Jana nilisema uongo, na nilikuwa nimefunga. Maji hayachemshwi. Tangu kuni zipande bei hayachemshwi."

Bwana Salumu aliweka kalamu chini. Kisha akamuuliza kama anajua litakalomfika baba yake mdogo. Sihaba alisema anajua. Akaanza kulia, lakini hakuyarudisha maneno yake.

Jioni, Bwana Salumu alifika bandani peke yake. Kreti za futari zilikuwa zimepangwa mlangoni. Sihaba alikuwa amesimama karibu na uchaga. Bwana afya alisalimia, akaketi kwenye kibao, akachukua chupa moja, akaifuta kwa kiganja, akamwomba mwenyekiti aionje.

"Nimefunga, Bwana Salumu," alisema Mwishehe. "Unaniharibia saumu?"

"Hasha. Nami nimefunga. Tutangoja."

Wakangoja. Wateja wawili watatu walifika, nao wakasimama kutazama. Mvua ilikuwa imekatika, na matone yakadondoka kutoka kwenye makuti. Mwishehe alizungumza habari za bei ya sukari. Adhana ya magharibi ikalia. Bwana Salumu akakichomoa kizibo, akaiweka ile chupa mbele ya Mwishehe, akasema kwa adabu kabisa:

"Bismillahi. Futuru."

Mwishehe aliishika chupa. Aliiinua hadi kidevuni. Midomo yake ilikuwa mikavu kwa funga ya kutwa, na watu wote waliona jinsi koo lilivyopanda na kushuka. Chupa ikabaki pale kidevuni. Akaitua chini, akaketi kwenye tope, akajifunika uso kwa kofia yake.

"Sikuchemsha," alisema. "Haji... sikuchemsha."

Mteja mmoja alitema mate chini. Mwingine aliokota jiwe, lakini Bwana Salumu alimkamata mkono. Kreti zote zikamwagwa shimoni jioni hiyohiyo, na Mwishehe akaondoka na bwana afya kwenda kituo cha polisi kwa miguu yake. Alipompita Sihaba alisimama. Msichana alijikunja akitarajia kofi. "Ungesema mapema, mwanangu," alimwambia, kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Ungesema mapema mimi ningekuziba mdomo."

Alihukumiwa, akafungwa. Ugonjwa ulikoma baada ya wiki moja. Kibibi alipona, ingawa alikosa Idi, na Idi yenyewe mwaka huo ilipita bila pilau kwa wengi, kwa kuwa chupa zao zilikuwa zimerudi nyumbani bila sumni.

Bimdogo alirejea kutoka Pangani, amesaidiwa kushuka kwenye gari kama mzigo wa vyombo. Hakumlaani mwanawe wala hakumtetea. Aliuza shamba lake la minazi la Makurunge, lote, pamoja na kibanda. Akawaita wanachama mbele ya banda, akaagiza kibao cha KAMPUNI kishushwe, kikawa kuni. Madebe mawili akayaweka juu ya jamvi, na lile la amana akalifunga kitambaa kipya. Kisha akaanza kuwalipa wenye chupa, mmoja mmoja, huku Sihaba akipokea chupa na kuwatolea fedha. Wanachama waliona aibu. Wa kwanza kurudisha gawio lake alikuwa Bwanausi. Alilitoa kwenye shuka, limekunjwa vilevile, hakulitumia hata senti. Wengine wakafuata. Sihaba naye akaweka viatu vyake juu ya jamvi.

Walipomaliza, Bimdogo alimwita Sihaba akae karibu naye, lakini alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote.

"Mwaka mzima mmeuliza, faida ni ngapi? Hakuna aliyeuliza, ni ya nani? Faida ni kile kinachobaki baada ya kila mtu kuchukua chake. Mwanangu aliila amana, na aliyekwisha kula amana hashindwi kunywesha watu maji machafu. Mlango ni uleule. Nanyi mlipiga makofi." Akamgeukia mjukuu wake. "Na wewe, heshima kwa mkubwa si kumsaidia kuzama. Uliponyamaza mara ya kwanza ulipoteza fedha. Mara ya pili tulipoteza mtoto. Mara ya tatu ulidanganya, kisha ukarudi ukasema, na ugonjwa ukakoma. Ukweli ni kama yale maji ya sufuria, mwanangu. Uchemshe mapema."

Moto ukawashwa, sufuria ikapandishwa juu ya mafiga, na tangu siku hiyo hakuna chupa ya Nyanyuka iliyojazwa kabla watu wawili hawajaona povu likishuka.

Chupa zote za mwaka ule zilirudi, isipokuwa moja. Mama Kibibi hakuileta. Ilibaki rafuni kwake, imevishwa kile kipande cha khanga. Kwa hiyo katika debe la kitambaa cheupe, kila Shaabani Sihaba alipohesabu, ilibaki sumni moja isiyo na wa kuichukua. Wanachama wapya waliuliza kwa nini isiingizwe kwenye faida.

"Hiyo ni ya Haji," aliwajibu, akalifunga debe.